Damu ya wanaopuliza dawa: jeli gani itumike?

Wenzangu wa maabara hapa Malindi, mkiletewa damu ya wakulima wa mboga wa kando ya mto Sabaki ili mtazame kama dawa za wadudu zimegusa protini zao, msitosheke na jeli moja, yaani utando laini ambamo umeme huzivuta protini zikatengana kuwa mistari. Ya agarosi, itokanayo na mwani, hugawa seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) mafungu matano: albumini, alfa 1, alfa 2, beta na gama. Ni rahisi, tena inatosha kuonyesha ini lililochoka. Ya poliakrilamidi yenye SDS, sabuni inayozipa protini zote chaji hasi, hupanga protini kwa uzito tu. Albumini ina kilodaltoni 66 hivi, na chembe ndogo ya dawa ikinasa hapo, mstari hausogei. Kinachoweza kubadilika ni chaji, nayo SDS huifunika. Kwa hiyo mimi naamini zaidi jeli ya hatua mbili, chaji kwanza, kisha uzito, ingawa inakula muda.

Ila sampuli, jamani! Chukueni seramu, si plazima (maji ya damu isiyoganda), maana fibrinojeni, protini ya kugandisha damu iliyobaki humo, huchora mstari kati ya beta na gama mkadhani ni ugonjwa. Damu igande nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu itengwe kabla haijapakiwa kwenye pikipiki. Damu nzima isilazwe juu ya barafu: seli hupasuka, hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ikashikana na haptoglobini, protini ya fungu la alfa 2, na fungu hilo likahama. Seramu ikiwa na wekundu, ombeni damu nyingine. Na kwenye jeli ileile, wekeni na seramu ya jirani asiyepuliza dawa, ya kulinganisha.