Boksi jipya, kalibu ya zamani: kukagua usahihi wa modeli ya gari kabla ya kugusa gundi

Swali hili naulizwa mara kwa mara: "Boksi linaonyesha seti imetoka mwaka huu, mbona bodi haifanani na gari lenyewe?" Majuzi tulikaa na rafiki yangu tukaikagua seti yake, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha modeli ya gari, kipande kwa kipande, nikaona heri niandike utaratibu wenyewe, maana nitaulizwa tena. Nachukulia unajua kukata vipande kwenye fremu, kupiga msasa na kupaka rangi. Hayo sitayagusa.

Hatua ya 1: Jua umri wa kalibu

Seti inapotolewa upya, kinachobadilika kwa kawaida ni picha ya boksi, dekali (alama za kubandika kwa maji), rangi ya plastiki na pengine matairi. Kalibu iliyozaa bodi, yaani umbo la chuma ambamo plastiki humiminwa, ni ileile. Kwa hiyo usisome boksi. Geuza chasisi, kisha chungulia upande wa ndani wa paa. Mwaka uliochorwa kwenye plastiki yenyewe ndio ulio karibu zaidi na ukweli, ingawa wakati mwingine ni mwaka wa marekebisho na si wa kuzaliwa. Kama hujanunua bado, tafuta seti hiyo Scalemates, tovuti inayoorodhesha seti za modeli. Huko utaona ukoo wake: ilitoka lini mara ya kwanza, na imepita chini ya majina gani.

Kwa magari ya Kimarekani ukoo huu una maana kubwa. Kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza seti za kila mwaka za "3 kwa 1" (seti moja inayoweza kuundwa kwa namna tatu), zilizotokana na modeli za matangazo za wauza magari. Mwaka mpya ukiingia, kalibu ileile ilichongwa upya ifuate sura ya gari jipya, na ile sura ya zamani ikapotea. Nyingine ziligeuzwa kuwa za magari ya mashindano, madigadi yakapanuliwa kupisha matairi mapana, halafu baadaye mtu akajaribu kuzirudisha zilivyokuwa. Ndiyo maana unaweza kukuta bodi ya mwaka mmoja imekalia dashibodi ya mwaka mwingine. Kampuni ya Round 2, wanaomiliki AMT na chapa nyingine ya seti, MPC, sasa, wamelazimika kutengeneza upya baadhi ya sehemu zilizopotea kwa njia hiyo. Seti za namna hii zina mchanganyiko wa kalibu mpya na za zamani ndani ya boksi moja, kwa hiyo kila kipande kikague peke yake.

Jambo jingine linalowachanganya watu: Revell na Monogram, kampuni mbili za seti, ziliunganishwa mwaka 1986. Boksi lenye jina la Revell na kipimo cha 1/24 (modeli ni ndogo mara 24 kuliko gari halisi) mara nyingi lina kalibu ya Monogram ndani yake. Yale ya Revell wenyewe ya magari ya Kimarekani kwa kawaida ni 1/25. Usichanganye injini wala matairi ya hizo mbili bila kupima.

Kwa seti za Kijapani, uliza swali moja tu: je, ilibuniwa ibebe mota na betri? Nyingi za zamani zilibuniwa hivyo. Dalili zake ni sakafu iliyoinuliwa, viti vifupi visivyo na miguu, na chasisi iliyo bapa kama sinia.

Hatua ya 2: Osha

Sabuni na maji ya uvuguvugu. Iache ikauke.

Hatua ya 3: Funga gari kwa tepu

Bodi, chasisi, ekseli na magurudumu, vyote bila gundi. Kipande kilichopinda utakijua hapa. Kama ni chasisi, itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, inyooshe polepole juu ya kioo, kisha maji baridi. Maji yanayochemka hulegeza plastiki hii kupita kiasi.

Hatua ya 4: Pima

Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima na kuishia na jibu lisilo sahihi, basi twende taratibu. Unahitaji kalipa, kile kipimio chenye taya mbili kinachosoma sehemu za milimita. Rula haitoshi, usijidanganye.

Anza na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gawa kipimo cha gari halisi kwa milimita kwa 24 au 25. Volkswagen Beetle ina milimita 2,400, kwa hiyo modeli ya 1/24 iwe na 100 kamili, na ya 1/25 iwe na 96. Ford Mustang ya 1965 ina inchi 108, yaani milimita 2,743: utapata 109.7 kwa 1/25 na 114.3 kwa 1/24. Ukiona jibu limeangukia katikati, huenda wabunifu walilibana gari liingie kwenye chasisi iliyokuwepo tayari. Pima pande zote mbili. Zikitofautiana, rudi kwenye tepu, ekseli imekaa mshazari.

Hakikisha vipimo unavyolinganisha ni vya mwaka uleule. Porsche 911 iliongezwa milimita 57 kati ya ekseli kuanzia modeli za 1969, na hiyo ni zaidi ya milimita 2 kwenye 1/24. Magari ya Kimarekani yalipata bampa kubwa za mbele kwenye modeli za 1973 na za nyuma kwenye za 1974, kwa sababu ya sheria ya kuhimili mgongano. Urefu wa gari la 1972 ukiutumia kwenye modeli ya 1974, utaikosoa seti bure.

Urefu unaoandikwa kwenye takwimu huhesabu bampa. Upana kwa kawaida hauhesabu vioo vya pembeni. Kimo ndicho kipimo ninachokiamini kidogo kuliko vyote: gari halisi limekaa juu ya springi zilizobanwa na matairi yaliyobonyea kwa uzito, wakati modeli imesimama kwa namna yoyote aliyoitaka mbunifu. Kwa hiyo usipime kutoka chini hadi juu ya paa. Pima bodi peke yake, kutoka ukingo wa chini wa mlango hadi paa, kisha linganisha na picha.

Na picha zina mitego yake. Iliyopigwa kwa simu kutoka karibu huvimbisha katikati ya gari na kusinyaza ncha zake. Tafuta iliyopigwa kwa mbali, kamera ikiwa usawa wa kitovu cha gurudumu na ubavu wa gari ukiielekea moja kwa moja. Ichapishe hadi umbali wa ekseli ulingane na wa modeli, kisha weka modeli juu yake na uangalie kwa jicho moja. Michoro ya pande nne inayozagaa mtandaoni mimi siitumii kabisa. Mingi imenakiliwa kutoka kwenye michoro mingine yenye makosa.

Hatimaye, amua kosa lipi lina uzito. Milimita moja ya urefu wa boneti hakuna atakayeiona. Nusu milimita kwenye mwinamo wa nguzo ya kioo cha mbele, au kwenye tao la gurudumu, itaonekana toka mlangoni.

Hatua ya 5: Rekebisha magurudumu kwanza

Kabla hujakata paa, badilisha matairi na kimo cha kusimama. Seti nyingi zinazolaumiwa kuwa na bodi mbaya zina matairi mabaya tu. Hesabu ni rahisi: tairi la 185/70 R14 lina kipenyo cha milimita 615 hivi, sawa na 24.6 kwenye 1/25. Kama la kwenye boksi lina 27, umeshampata mchawi.

Seti za zamani za Kimarekani mara nyingi hupitisha ekseli ya chuma kwenye tundu lililotobolewa kwenye injini. Ziba tundu, kata ekseli, unganisha kila gurudumu upande wake. Kuziba, tumia puti ya vijenzi viwili unavyochanganya mwenyewe. Ile ya kwenye tyubu husinyaa hata wiki kadhaa baada ya kupaka rangi. Matairi laini ya vinili yasiguse plastiki tupu kwa muda mrefu, huila. Kromu mbaya huondoka kwa dawa ya kufanyia nguo ziwe nyeupe; vaa glavu, na usiichanganye na asidi.

Kukata paa? Binafsi, ikiwa kosa halizidi milimita moja, naliacha.

Hatua ya 6: Dekali

Hapa toleo jipya karibu kila mara linaishinda seti ya zamani. Kama unayo ya zamani na karatasi imekuwa ya manjano, itie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ibandike dirishani jua liipige hadi manjano ipungue, kisha ipulizie vanishi kabla ya kuitia majini, la sivyo itapasuka vipande vipande.