Kabla Hujanunua Miche, Inama Uangalie Visiki Vyako

Mwezi wa nane, ukipita barabara ya kutoka Dodoma kwenda Kongwa, utaona mashamba yamekaa wazi kama uwanja wa mpira. Mtama umevunwa, mabua yameliwa, upepo unazungusha vumbi. Mgeni ataapa kwamba hapa hakuna mti. Mwambie ashuke kwenye gari, aingie shambani hatua ishirini, ainame. Atakuta vichipukizi vya urefu wa kiganja, vilivyofyekwa mwaka jana na mwaka juzi, na bado vinatoka. Chini ya kila kimoja kuna mizizi ya mti uliokuwepo kabla mwenye shamba hajazaliwa. Mti huo haujafa, umenyimwa nafasi ya kusimama.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa kurudisha miti kwenye vijiji vikavu umegeuka mjadala wa miche. Tunahesabu iliyogawiwa na iliyopandwa. Ni mara chache mtu anarudi Oktoba kuhesabu iliyobaki. Dodoma inapata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi Februari inakuja na ukame wa wiki mbili tatu katikati ya msimu. Mche uliotoka kwenye kiriba una mizizi isiyozidi urefu wa mkono mpaka kiwiko. Ukiupanda Machi, unapata wiki chache za kujishikiza, kisha miezi saba au minane ya jua. Niliwahi kupanda miche mia mbili namna hiyo, kwa sababu gari la miche lilifika Machi na watu walikuwa wameshaitwa. Mwezi wa kumi nilihesabu kumi na mmoja. Mbuzi walikula baadhi, ila mingi ilikufa kwa kiu tu.

Kisiki hakina shida hiyo, maana mizizi yake ilishafika kwenye unyevu zamani. Ndiyo maana Dodoma njia hii ya kulea machipukizi ya visiki inaitwa kisiki hai, na jina limekaa vizuri kuliko jina lolote la kitaalamu. Niger, ambako mvua ni kidogo kuliko ya kwetu, Mwaustralia Tony Rinaudo alianza kuifanya na wakulima wa Maradi mwaka 1983, baada ya miaka ya kupanda miche iliyokuwa ikifa. Leo eneo lililorudishiwa miti kule linakadiriwa kuwa hekta milioni 5, lenye miti kama milioni 200. Gawanya: ni miti 40 kwa hekta, yaani kama 16 kwa ekari. Hapo hakuna msitu. Ni shamba la uwele lenye miti ndani yake, na hesabu hiyo ya 16 ndiyo ningependa mkulima aishike.

Namna ya kufanya

Fanya kazi hii kiangazi, baada ya mavuno na kabla ya kusafisha shamba. Wengi wetu tunaberega: tunafyeka, tunachoma, tunasubiri mvua tupande. Kisiki huteketea hapo hapo, kwa hiyo kipitie kwanza na panga kali na kitambaa chenye rangi, moto usubiri. Ukiweza kuuacha moto kabisa, afadhali zaidi.

Tafuta visiki vyenye machipukizi manene na yaliyonyooka. Kwenye kisiki kimoja unaweza kukuta machipukizi ishirini yanayosongana. Acha matatu au manne yenye nguvu, kata mengine yote chini kabisa. Kwenye uliyoyaacha, pogoa vitawi vya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu, usipite hapo, maana majani ya juu ndiyo jiko la mti. Kata kwa mshazari ukitokea chini kwenda juu ili gome lisichanike. Panga butu linaacha kidonda cha nyuzinyuzi, na mchwa wanakipenda. Kisha funga kitambaa, ili mwenye jembe la ng'ombe auone mti kabla hajaupitia, na jirani ajue kuwa hicho si kichaka cha bure.

Rudi baada ya miezi mitatu au minne. Kisiki kitakuwa kimetoa machipukizi mapya, yaondoe. Mwaka wa pili au wa tatu unaweza kukata shina moja kati ya yale matatu ukapata nguzo au kuni, na mti unaendelea. Mama mmoja aliniambia kwamba yeye hakushawishika na habari za udongo hata kidogo. Alishawishika siku aliyopogoa asubuhi na kupikia matawi yale yale, bila kwenda porini. Kwangu hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi ninazozisikia kwenye semina.

Asili au mgeni?

Kuna wanaosema miti migeni yote ing'olewe, na kuna wanaosema mti ni mti. Sikubaliani na upande wowote kwa ukamilifu wake. Mwarobaini na mwembe si wa hapa, vyote vimetoka Asia, na sitamwambia mtu akate mwembe uliomsomeshea mtoto. Mbele ya nyumba na pembeni ya kisima cha familia, panda unachokitaka. Mkaratusi kandokando ya shamba la mtama ni habari nyingine: mistari ya karibu nao utaona inavyonyauka.

Tahadhari kubwa ya mti mgeni tunayo jirani. Mathenge ulipelekwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukaenea mpaka ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi walikwenda mahakamani kudai haki yao, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwemo mbuzi asiye na meno. Watu hucheka wakisikia. Aliyepoteza kundi lake hacheki.

Shambani, mti wa asili una faida ya kuwa umeshazoea kiangazi chetu na mchwa wetu. Mgunga unatoa maganda ambayo mifugo huyaokota kiangazi nyasi zikiwa zimekwisha. Mkwaju unauzika. Mkole una matunda ya watoto na fito nzuri. Na kama una mkababu kwenye bonde au kandokando ya korongo la mchanga, ulinde kama ng'ombe wa maziwa: huo unapukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi. Mazao yanapata jua msimu mzima, majani yanaoza chini yake, na ng'ombe wanapata kivuli mwezi wa kumi. Malawi na Zambia wanalima mahindi chini yake kwa makusudi.

Pale ambapo visiki vimekwisha kabisa, hapo ndipo mbegu na miche inapohitajika. Mbegu za mgunga na mbuyu zina ganda gumu. Zimwagie maji ya moto uziache usiku kucha. Au za mgunga zikusanye kwenye zizi la mbuzi, maana zilizopita tumboni mwao huota kwa urahisi. Panda mvua za kwanza zilizoshika, si siku ya sherehe.

Hoja mbili ambazo wakulima wako sahihi kuzileta

Ya kwanza ni ndege. Mwenye mtama na uwele akisikia neno mgunga anawaza kwelea kwelea. Ni kweli kwamba kwelea kwelea hujenga viota kwenye vichaka vya miiba vilivyosongamana, na ni kweli kwamba hata mti mmoja ni mahali pa ndege kutua. Miti 16 iliyopogolewa juu kwa ekari si kichaka, lakini sitaapa kwamba haitaleta ndege hata mmoja. Shamba la pembeni kabisa ya pori la miiba litahitaji kuamiwa, lenye miti na lisilo na miti.

Ya pili ni kivuli. Mtama hauzai vizuri chini ya mti uliofunga. Dawa yake ni kupogoa matawi ya chini kila mwaka kabla ya kupanda, na kuacha miti mingi zaidi mipakani na kwenye sehemu ya shamba iliyochoka. Anayeacha miti bila kuipogoa atavuna kidogo, kisha atalaumu njia nzima.

Mifugo, ambako ugomvi wenyewe ulipo

Panga na kitambaa mtu anajifunza kwa asubuhi moja. Kigumu ni kwamba baada ya mavuno shamba langu linakuwa malisho ya kila mtu.

Kondoa tatizo hilo walijaribu kulimaliza kwa nguvu. Chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 kwenye eneo lililokuwa limekatika makorongo. Uoto ulirudi, na sehemu kubwa ulirudi wenyewe, bila kupandwa. Lakini familia zilitengwa na ng'ombe wao kwa miaka, na jeraha hilo bado linasimuliwa. Shinyanga, ambako miti ilikuwa imefyekwa tangu enzi za mkoloni kupambana na mbung'o, Hifadhi Ardhi Shinyanga ya mwaka 1986 ilikuja kushika njia ya ngitili: malisho ambayo familia au kijiji hufunga wakati wa mvua na kufungua kiangazi kikikaza. Wasukuma walikuwa nayo tangu zamani, na dagashida, yaani baraza lao la jadi, pamoja na sungusungu waliisimamia kwa faini zao wenyewe. Ngitili zilipanda kutoka mamia ya hekta hadi zaidi ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ningechagua ya Shinyanga bila kusita.

Kwa hiyo kabla ya kupogoa kisiki cha kwanza, zungumza na mwenye mbuzi. Kubalianeni wanaingia lini kula mabua, nani anawachunga, na shina lililofungwa kitambaa likivunjwa analipa nini na kwa nani. Likikubalika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya kijiji inaweza kulitungia sheria ndogo na kuipeleka wilayani ipitishwe. Ulizeni pia, mbele ya ofisa misitu, ni miti gani inayohitaji kibali kukatwa hata ikiwa shambani kwako. Mpingo na mninga imo. Niger mti ulihesabiwa mali ya serikali kwa miaka mingi, na wakulima waliona afadhali waung'oe ungali mdogo. Mkutano huo uitwe mwezi wa tano, mtama ukiwa bado umesimama. Ukisubiri mpaka mabua yaanze kugombewa, hakuna atakayekusikiliza.