Tallinn, mji mkongwe: uanzie wapi ukitokea Kigoma

Wakuu, tangu nirudi hapa Mwanga, Kigoma, naulizwa hii Tallinn ya Estonia ikoje, maana kuna wadogo zetu wanaosoma Finland na kutoka Helsinki ni kupanda meli masaa mawili tu umefika, sio mambo ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ya enzi zile unalala humo humo.

Kwanza viatu. Njia za mji mkongwe zimetandikwa mawe yasiyo sawa, mvua ikinyesha yanateleza balaa. Mi nilienda na viatu vya ofisini nikala mweleka mbele ya watu wanaokunywa kahawa zao. Vaa raba.

Halafu anzia juu, usianzie chini. Juu ni Toompea, kilimani walikokaa watawala na askofu, chini walikaa wafanyabiashara. Kilima chenyewe kisikutishe, aliyezoea kupanda kwa mguu toka stesheni hadi Mwanga atakicheka. Ila wahi, saa mbili asubuhi uwe umefika, kwa sababu kiangazi meli za watalii zinamwaga watu na wote wanakimbilia Kohtuotsa na Patkuli, sehemu mbili za kutazamia, ukiwawahi unakuta kimya, mapaa mekundu, minara, bahari kule, na hulipi hata senti. Kanisa la Alexander Nevsky lenye vichwa vyeusi kama vitunguu liko huko huko, limetazamana na bunge, zuri kweli lakini lilimalizika 1900 tu, wengi wanalipiga picha wakidhani ndo la zama za kati.

Shukia Lühike jalg, yaani mguu mfupi, kichochoro cha ngazi. Mwenzake ni Pikk jalg, mguu mrefu, ndo maana wenyeji wanatania kwamba mji wao unachechemea. Ukifika chini ulizia Raekoja plats, uwanja wenye ukumbi wa mji uliokamilika 1404, na pembeni kuna duka la dawa, Raeapteek, limetajwa kwenye maandishi toka 1422 na mpaka leo ukiwa na mafua unauziwa dawa!! Ingia tu.

Ukiwa na magoti mazima panda mnara wa kanisa la Oleviste, ncha yake iko kama mita 124, ngazi nyembamba za kuzunguka, mkipishana mmoja anabana ukutani. Enzi za Usovieti KGB, yaani majasusi wao, walitumia ncha hiyo hiyo kwa mitambo ya redio. Hapo unalipia, na majira ya baridi wanafunga. Desemba hata usihangaike sana, saa tisa na nusu mchana giza linaingia.

Kula usikae pale uwanjani, bei zinauma, zama mitaa ya nyuma uagize kiluvõileib, mkate mweusi na yai na kasamaki juu kanaitwa kilu. Ukikaona utasema dagaa, kumbe hakajakaangwa wala kuanikwa, kamelowekwa chumvi na viungo. Nilikula vitatu, cha nne nikaulizia pilipili, hawana.