Kabla hujamleta kulungu nyumbani wiki ya Thanksgiving

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba napigiwa simu ileile. Kijana wetu mmoja, kafika Marekani miaka miwili mitatu iliyopita, kaalikwa na mwenzake wa kazini kwenda kuwinda kulungu, na Alhamisi yake wakale pamoja Siku ya Shukrani, ndiyo hiyo Thanksgiving. Anauliza avae nini. Hilo ndilo dogo kuliko yote, lakini nitalijibu pia. Mimi naishi Wisconsin na nasema ya Wisconsin. Kama uko Pennsylvania au Texas, sheria za huko ni nyingine, kazisome.

Naandika kulungu kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwita hapa, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine. Huyu mkia wake ni mweupe kwa chini, na dume lake hubeba pembe zenye matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya.

Jua kwanza unaingia kwenye nini. Msimu mkuu wa bunduki hapa ni siku tisa: unaanza Jumamosi inayotangulia Siku ya Shukrani na kwisha Jumapili inayoifuata. Kwa familia nyingi za kaskazini siku hizo zina uzito kuliko sikukuu yenyewe. Wanahamia kwenye kibanda cha mbao alichojenga babu, wanacheza karata, wanapika supu kwenye sufuria lisiloisha, wanasimuliana habari za dume lilelile lililowaponyoka mwaka fulani. Ukialikwa huko, chukulia kama Mchaga amekwambia twende Moshi Desemba. Usiende mikono mitupu, na usiwe wa mwisho kuamka wala wa kwanza kulalamikia baridi.

Na nyama hii ina haki yake kwenye meza ile. Barua ya Edward Winslow, mmoja wa walowezi wa Kiingereza, ya Desemba 1621, ambayo ndiyo ushuhuda mkubwa tulio nao wa karamu ya Plymouth inayohesabiwa kuwa Siku ya Shukrani ya kwanza, inasema wenyeji Wawampanoag waliokuja na mfalme wao Massasoit, watu kama 90, walitoka wakaua kulungu watano wakawaletea wageni. Ndege wametajwa pia, ila barua haisemi kama walikuwa bata mzinga. Kulungu ndio tuna hakika nao.

Sasa karatasi zako. Hapa naomba unisikilize. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache. Mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Asiye na kibali cha kuwa nchini hana msamaha huo. Kwa hiyo kabla hujaomba "nishike kidogo unipige picha," jua umesimama wapi. Picha hiyo utaituma Facebook, na Facebook haisahau. Ukiwa na shaka muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize shemeji. Kuna wanaokwenda kambini miaka yote bila kugusa bunduki. Wanapika, wanasaidia kuburuta mnyama, na wanapewa fungu lao.

Leseni unanunua mapema, usisubiri Ijumaa usiku. Ukiwa umezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973, Wisconsin inakutaka upite mafunzo ya usalama wa uwindaji, au uwinde chini ya mtu mzima mwenye sifa anayekaa karibu nawe. Pita mafunzo. Ukiua, unamsajili mnyama kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata.

Nguo: rangi ya chungwa inayowaka, au waridi inayowaka, isiyopungua nusu ya kinachoonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kofia nayo hivyohivyo. Koti jeusi zuri la kwenda kanisani liache nyumbani. Soksi za sufu, za pamba zikilowa zinakugandisha. Ukipandishwa kwenye kiti cha juu ya mti, funga mkanda wa kukushikilia hata kama mwenyeji wako hajafunga. Wanaoanguka ni wengi.

Haya. Nyama.

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga jike, saa mbili asubuhi Jumamosi. Baba yake mwenzangu, mzee wa miaka sabini na ushee, alinionyesha kumpasua tumbo bila kutoboa kibofu wala utumbo, kisha akasema mambo matatu: tanua kifua kwa kijiti, tia mifuko ya barafu ndani, mchune ngozi leo kabla hujalala. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Moyoni nasema, mimi nimekulia kwenye mbuzi, huyu ananifundisha nini?

Siku hiyo ilikuwa na jua, digrii kumi na kitu za Selsiasi. Nikamfunga kulungu wangu kwenye turubai, nikamtia kwenye buti la gari, nikaanza safari ya kurudi mjini, mwendo wa saa nne. Lakini nani anarudi moja kwa moja na mnyama wa kwanza? Nilipita kwa rafiki mmoja, picha. Nikapita kwa mwingine, picha na chai, na watoto wakitaka kushika masikio. Nikafika kwangu saa nne usiku, nikamlaza kwenye gereji, ambayo ina hita. Jumapili nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nikaanza kumchuna Jumapili jioni.

Kwa nje alikuwa safi kabisa. Nilipokata paja na kufika kwenye kifundo cha nyonga ndipo nikapokewa na harufu. Nyama pale karibu na mfupa ilikuwa na rangi ya kijani kwa mbali, inateleza. Mke wangu akasema tupa. Nikasema ngoja. Nikaosha kwa siki, nikakamulia ndimu sita, nikaiweka kwenye friji, nikaendelea kuwaalika watu waje Alhamisi kula pilau ya nyamapori.

Alhamisi sufuria lilipochemka nyumba ilinuka mpaka tukafungua madirisha, na nje kumeganda. Watu wetu wana adabu, hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja wa Mombasa akaingia jikoni, akafunua kifuniko, akakirudisha taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, mna mchele mwingine?" Tulikula pilau ya kuku, kwenye saa tatu usiku. Kilichopona ni minofu miwili ya mgongo, kwa kuwa ni myembamba na ilipoa mapema.

Jumatatu kazini mzee akaniulizia kupitia mwanawe, nyama ilikuwaje? Nikasema tamu sana. Mnyama mzima, na bado nikaongeza uongo juu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Sisi tunajua nyama isiyosubiri. Mbuzi anachinjwa asubuhi, mchana yuko kwenye sinia, jioni tunatafuna mifupa. Hakuna aliyewahi kutufundisha kutunza mzoga unaosafiri, maana haukuwahi kusafiri. Tukifika huku tunaona baridi tunadhani dunia nzima ni friji. Kulungu wa Novemba amevaa manyoya yake ya majira ya baridi, mazito, na joto la mwili wake linabaki limefungiwa humo, hasa mapajani penye nyama nene. Baridi ya nje haimfikii.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani jibu maswali haya. Barafu utaipata wapi, na sanduku la kuhifadhia baridi linatosha mnyama mzima? Wanaoanza hununua la kutia soda sita. Nani atamchuna, na saa ngapi? Kama humudu, kuna mabucha yanayokata kulungu kwa malipo, lakini wiki hiyo yanajaa, piga simu mapema. Nyama ifike chini ya digrii 4 za Selsiasi haraka, ibaki hapo. Picha piga palepale msituni, halafu ondoka. Sasa hivi natoa utumbo ndani ya nusu saa, natia barafu mapajani, nachuna jioni hiyohiyo kwa mzee, narudi na vipande. Na siki haifufui nyama iliyooza.

La pili watu hawalitarajii: kulungu wa Jumamosi asiwe kitoweo cha Alhamisi. Kuna ugonjwa wa kukondesha kulungu, uligunduliwa hapa Wisconsin mwaka 2002. Hauletwi na bakteria wala kirusi. Ni protini iliyoharibika umbo, prioni, na kuipika hakuiui. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata kwa kula, lakini mamlaka za afya zinashauri kulungu wa maeneo yenye ugonjwa apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Unapeleka kichwa kwenye vituo vya kupokelea sampuli, majibu yanaweza kuchukua wiki au zaidi. Muda huo nyama ikae kwenye friza ikiwa na alama yako. Wazoefu hula Alhamisi kulungu wa mwaka jana. Na wewe unayependa supu ya kichwa na ubongo, hapa jizuie: ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi havigusi sufuria.

Kisha risasi. Kiswahili kimetuwekea onyo kwenye neno lenyewe, kwani ya bunduki na yale madini yenye sumu ni risasi hiyohiyo. Inapopiga inasambaratika, na chembe husafiri mbali na tundu unaloliona. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliagiza vituo vya kugawa chakula vitupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa msaada baada ya chembe hizo kukutwa ndani. Kata pembeni ya jeraha kwa ukarimu, tupa, na kama una mjamzito au watoto wadogo nyumbani, muombe mwenyeji atumie risasi za shaba.

Kupika sasa ni kazi ndogo. Mafuta ya kulungu yaondoe yote, hata kama roho inauma. Yakipoa yanaganda kwenye kaakaa kama mshumaa, na ndiyo yanayobeba ile harufu watu wanayolalamikia. Ule utando mweupe nao toa. Minofu ya mgongo usiichemshe, itakuwa soli. Chumvi, pilipili manga, kikaango cha moto sana, dakika chache, iache ipumzike. Shingo na miguu ndiyo ya pilau na mchuzi, moto mdogo, saa tatu hazitoshi ongeza ya nne. Ukitaka kuroweka, mtindi, tangawizi na kitunguu saumu usiku kucha, ndani ya friji tafadhali. Ya kusaga ifike digrii 71 za Selsiasi ndani, ongeza mafuta kidogo ya ng'ombe, na sambusa zake zitamaliza ugomvi wowote mezani. Nunua kipimajoto, ni bei ya chakula cha mchana.

Kama meza yako ina Waislamu, waambie mapema kwamba hii ni nyama ya kuwinda na aliyepiga ni nani. Watakuuliza kama Bismillahi ilisemwa wakati wa kufyatua, kama mnyama alikutwa bado hai akachinjwa. Jibu ulichoshuhudia tu. Wewe si sheikh. Pika na kuku pembeni, sufuria lake na mwiko wake.

Bata mzinga wa dukani, kama naye yupo, anatolewa kwenye friza siku nne au tano kabla. Wale wanaomkaanga mzima kwenye mafuta uwanjani wakamtumbukiza akiwa bado na barafu ndio wanaoitiwa zimamoto. Wa porini ni mwembamba, miguu yake mikavu, mpike kama kuku wa kienyeji. Na umheshimu kidogo, maana hapa Wisconsin walishatoweka kabisa, wakarudishwa mwaka 1976 kwa ndege walioletwa kutoka Missouri.

Usiuze nyama ya kuwinda, hata kilo moja kwenye kundi la WhatsApp, gawa. Usikaushe ukafungashia shangazi kwenye sanduku la kwenda Dar. Usipokee ya mtu ambaye hawezi kukuambia iliwindwa wapi na lini. Usiingie shamba la mtu bila ruhusa eti kulungu wako aliyejeruhiwa kakimbilia huko, nenda kwanza ukabishe hodi. Usinywe kabla ya kushika bunduki, na anayekunywa usikae mbele yake. Simu ijae chaji, mwachie mke au jirani jina la barabara unakokwenda.

Na ukirudi jioni, endesha polepole. Novemba madume yanafuata majike, hayaangalii gari. Ukiona mmoja kavuka barabara, kanyaga breki ungoje. Nyuma yake kuna wa pili.