Bibi hapati usingizi? Soma hii kabla hujamnunulia vidonge

Niwaambie ilivyokuwa kwetu. Bibi alilalamika kama wiki mbili hivi usiku hauishi, shoga yake wa nyumba ya pili akampa Valium, "meza hiki kimoja tu utalala kama mtoto", akameza saa tano za usiku na kweli akalala. Kuadhiniwa alfajiri kaamka kama kawaida yake ashuke akachukue udhu, na ngazi za hizi nyumba za mawe za Lamu mnazijua wenyewe, nyembamba tena zimesimama wima, akateleza vidato vinne. Alhamdulillahi mkono tu ulivimba. Ingekuwa nyonga, kumtoa mtaani kwetu Mkomani ni kumbeba kwa machela vichochoro vyote hivyo manake gari halifiki.

Kwani kulitokea nini? Dawa ilikuwa bado imo mwilini. Mzee mafuta mwilini huongezeka, nyama hupungua, na ini lake linafanya kazi polepole, na Valium, yaani diazepamu, inakaa kwenye mafuta, inaweza kumaliza siku kadhaa haijatoka, kwa hivyo ukimpa kila usiku ya leo inakuta ya jana. Hata hizi mpya zinazosifiwa, zolpidemu, Marekani mwaka 2013 ilibidi dozi ya wanawake ishushwe kutoka mg 10 hadi 5 kwa sababu asubuhi watu walikuwa wanaendesha magari nayo iko kwenye damu.

Sasa fanya hivi. Kabla ya dawa yoyote tafuta kinachomuamsha. Bibi yetu ilikuwa kidonge cha presha kile cha kukojoza, alikuwa anakimeza baada ya isha halafu usiku kucha ni chooni, daktari akakihamishia asubuhi na kelele zikaisha. Babu wengine ni kahawa chungu ya barazani, vikombe vitano hadi usiku, ukimwambia apunguze anakununia lakini mwambie tu. Angalia pia kulala mchana kutwa, maumivu ya magoti, huzuni (hasa aliyefiwa karibuni), na kukoroma kule kwa kukata pumzi, huyo wa kukata pumzi usimpe kabisa dawa ya usingizi kabla daktari hajamuona.

Piriton nayo si peremende jamani. Watu wanaona ni ya mafua basi wanampa mzee alale, kumbe inamchanganya akili, inamfunga choo, na mwanamume mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa kabisa.

Daktari akiamua kuandika dawa, muulize dozi ndogo kabisa ni ipi na ni siku ngapi, isiwe "endelea tu". Mpelekee vidonge vyote anavyotumia vimetiwa kwenye mfuko mmoja, hata vya jirani, usione haya, manake dawa ya usingizi ikikutana na tramadoli ya maumivu, au na pombe ya mnazi, pumzi inaweza kusimama. Akishameza aende kitandani moja kwa moja. Taa iwashwe njiani, ndoo na viatu viondolewe, na kama inawezekana alale chini, asilale ghorofani, na alfajiri mtu amshike mkono.

Kama ameshatumia dawa za usingizi miaka, usizifiche wala usizitupe baharini kwa hasira! Akikatiwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata kifafa. Zinapunguzwa kidogo kidogo, madaktari wengine hutoa kama robo kila wiki mbili, wengine polepole zaidi, na daktari ndiye anayepanga, si wewe.

Ukimuona haamki hata ukimtikisa, pumzi ni ya kuhesabu au midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu, usimtie maziwa wala kahawa mdomoni, mkimbize hospitali na pakiti ya dawa uichukue.

Halafu kuna Ramadhani. Mtu anatoka tarawehe, anameza kidonge saa nne au saa tano, saa tisa mnamgongea daku ashuke jikoni, hapo ndipo miguu inapokataa. Muoneni daktari Shaaban haijaisha, na kama dawa haikubadilishwa basi daku mpelekeeni chumbani kwake.