Jinsi ya kuandika vesi ya kutoboa ambayo mtaa utaiamini

Vesi ya kutoboa husimulia ulivyotoka kwenye msoto hadi mafanikio. Biti yenye kasi ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika) inakupa sekunde 2.67 kwa kila baa, yaani mapigo manne, kwa hiyo vesi ya baa 16 inaisha kabla ya sekunde 43. Wengi huumaliza muda huo kwa kutaja magari. Hayamshtui mtu, maana kila rapa anayo magari hayo hayo, na mengine ni ya kuazima kwa ajili ya video.

Kabla ya kuandika, gawa karatasi safu mbili. Kushoto weka vitu vitano vya msoto, vile vya kushikika: unga, nauli, viatu. Kulia andika nani alishuhudia kila kimoja. Kitu kisicho na shahidi kifute. The Notorious B.I.G., rapa wa Brooklyn, New York, alifanya kitu kama hiki kwenye "Juicy" ya mwaka 1994: mapema kwenye vesi ya kwanza anataja samaki wa kopo aliokula jioni, na utajiri wenyewe anaupima pia kwa vitu vidogo kama mashine ya gemu. Ndiyo maana majigambo yake hayachukizi.

Sasa chukua shahidi mmoja, tuseme Mangi mwenye duka, umpe mistari miwili, wa zamani na wa leo:

Mangi alininyima unga, deni elfu mbili
Leo kaniita kwake, pilau na pilipili

Hakuna neno "tajiri" hapo, wala halihitajiki. Mangi ameshasema kila kitu kwa sahani.

Hesabu silabi: 15, kisha 16. Baa ina nafasi 16 za silabi, nne kwa kila pigo, na mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "mbi" na ile "pi" ya mwisho ziangukie pigo la nne, yaani nafasi ya 13. Ili iwe hivyo, mstari wa kwanza uanze silabi moja kabla ya baa na wa pili silabi mbili kabla. Hapo ndipo panapozingua: "Leo" inadandia moja kwa moja mkia wa "mbili" na huna pa kuvuta pumzi. Kata "Leo". Zinabaki silabi 14, mstari unaanzia pigo la kwanza, na unapata theluthi ya sekunde ya kupumua. Maana haipotei, kwa sababu "alininyima" na "kaniita" zimeshatenganisha jana na leo.

Mgawanyo unaofanya kazi: baa sita za msoto, mbili za mgeuko, tano za mafanikio, tatu za gharama ya jina. Ukizidisha msoto, inakuwa risala ya kuomba mchango. Gharama ndiyo wengi wanaruka, na ni kosa: simu za kukopwa, ndugu wanaoibuka msibani wakiwa na demo (wimbo wa majaribio) mkononi, mshikaji aliyeacha kukutania. Umaarufu usio na kero unanuka uongo.

Maadui wasio na majina ("mlinicheka, mko wapi?") wape baa moja tu. Kila nyimbo inao.

Korasi isibebe ushahidi wowote. Baa nne, silabi nane hadi kumi kila moja, irabu wazi mwishoni, maana ukumbi mzima unatakiwa kuiimba bila kuifikiria.