Jinsi ya Kuandaa Toleo la Mwisho la Katuni ya Sayansi kwa Wasomaji wa Rika Zote

Kazi ya toleo la mwisho huanza kwa kusoma, kabla penseli haijagusa karatasi. Chukua matoleo yako yote, uyasome siku moja kuanzia la kwanza, na katika daftari uandike kila ahadi uliyompa msomaji: swali lililoulizwa lisijibiwe, mlango uliofungwa, mtu aliyeondoka akisema atarudi. Mtu mzima husahau ahadi za namna hiyo, lakini mtoto wa miaka tisa hasahau. Niliwahi kumaliza mfululizo mfupi nikiamini kwamba nimefunga kila kitu, hadi mtoto wa jirani yetu hapa Jinja, Uganda, aliponijia na toleo la pili mkononi, kidole chake kikiwa juu ya mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kona ya fremu moja, akaniuliza ni nani aliyemfungua. Mbuzi yule nilimchora ili kujaza nafasi. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili, moja ya ahadi nilizokusudia na nyingine ya zile nilizozitoa bila kujua, na safu ya pili ndiyo ndefu.

Si lazima kila deni lilipwe kwa uzito uleule. Swali lililoanzisha toleo la kwanza ndilo linalostahili kurasa nyingi, na mengine yanaweza kujibiwa nyuma ya tukio kuu bila neno hata moja: mbuzi anakula majani kando ya barabara, kamba ikiburuzika shingoni. Mtoto aliyekuwa akingoja atamwona, na asiyemjua hatapotea.

Baada ya hapo chora ukurasa wa mwisho, kabla ya kurasa nyingine zote. Ukishaujua, utatambua ni matukio gani yanaelekea huko na ni yapi uliyapenda tu.

Katika katuni ya sayansi, mwisho hubanwa na jambo ambalo hadithi nyingine hazina, nalo ni kanuni za dunia uliyoijenga. Tuseme mfululizo wako unamhusu msichana wa Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapokata ikweta, ambaye kwa redio aliyoiunga mwenyewe huzungumza na satelaiti ndogo yenye akili. Mfano wa kuigwa tunao nyumbani. PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda, ilikuwa kisanduku chenye sentimita 10 kila upande, kilichotengenezwa na wahandisi Waganda wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, tarehe 7 Novemba 2022, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chombo kilichoko katika kimo cha kilomita 400 hivi huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, nacho humpitia mtu aliyesimama mahali pamoja, juu ya upeo wa macho, kwa dakika kumi hivi tu. Kwa hiyo, ikiwa tangu toleo la kwanza marafiki hawa wamekuwa wakizungumza kwa dakika chache kisha wakakatwa, usiwape saa nzima katika toleo la mwisho kwa sababu wewe unaona uchungu kuagana nao. Wape dakika kumi zilezile, uzitandaze katika kurasa 20, na kila ukurasa utakuwa na nusu dakika. Chora saa ya msichana katika kila ukurasa. Msomaji mdogo atajifunza kuitazama kabla ya kusoma maneno.

Kanuni hizo pia hukupa mwisho wenyewe. Hata katika kimo hicho kuna hewa nyembamba inayoikwaruza satelaiti na kuipunguzia kasi, ikashuka kidogo kidogo hadi ikaungua. Kishawishi ni kuleta muujiza, betri isiyojulikana au roketi ya dakika ya mwisho. Ukataeni muujiza huo, wewe na mhariri wako. Mtoto anaweza kuvumilia kupotelewa ikiwa ameandaliwa; asichoweza kuvumilia ni kuona kwamba yale aliyojifunza katika matoleo sita hayakuwa na maana. Mwandae mapema: toleo la kabla ya mwisho lionyeshe kimo kikipungua, namba kwa namba, na satelaiti yenyewe ilitaje jambo hilo kwa lugha nyepesi. Siku yenyewe ikifika, onyesha mstari wa mwanga angani na uso wa msichana anayeutazama, kisha katika ukurasa unaofuata mpe mtu wa kukaa naye, bibi yake au mwalimu. Katuni ya rika zote husomwa na watu wawili kwenye mkeka mmoja, na mzazi anayesoma kwa sauti anahitaji mahali pa kusimama avute pumzi.

Sasa ukunje kitabu cha majaribio. Kwa kitabu kinachoshonwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Nilipoacha kuhesabu, mchapaji mmoja aliniongezea kurasa mbili tupu mwishoni, na wasomaji wakadhani hadithi imekatwa. Kunja karatasi sita za kawaida, upate kurasa 24, na uziandike namba kwa penseli. Utaona kwamba kurasa za namba shufwa ndizo zinazojitokeza mtu anapofunua, hivyo jambo la kushtua liwekwe hapo, lisiwe upande wa kulia ambako jicho huliiba mapema. Kurasa za 12 na 13 ni karatasi moja isiyokatwa: picha kubwa inayovuka kutoka ukurasa hadi ukurasa iwe hapo, kwa sababu kwingineko nusu zake huchapwa mbalimbali na huenda zisikutane sawasawa. Ukurasa wa 24 hutazamana na upande wa ndani wa jalada. Usiruhusu tangazo mahali hapo, hata kama ndilo linalolipia uchapaji. Lihamishie nyuma ya kitabu.

Hadithi za anga hula wino mweusi. Ukipeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, omba ukurasa mmoja wa usiku uchapwe kwanza kwenye karatasi ileile utakayoitumia, uushike juani, uone kama weusi unapenya upande wa pili. Ukipenya, panga usiku mgongoni mwa usiku. Kama unatumia mashine ya fotokopi, weusi mpana hutoka na mabaka, hivyo ujaze anga kwa mistari ya kalamu iliyosongamana na uache nyota ziwe nyeupe ya karatasi yenyewe.

Maneno yapunguze kuliko ulivyozoea. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini watoto wengi wa huku bado hukikuta baada ya Kiganda, Kisoga, Kiacholi au Kilugbara na Kiingereza. Kiputo kimoja cha maneno kibebe sentensi moja. Kisha fanya jaribio ambalo siliachi kamwe: mpe mtoto kurasa za penseli ambazo hazijaandikwa neno, ukae kimya, utazame vidole vyake. Akirudi nyuma kutafuta kitu, fremu uliyoiruka ndiyo anayoitafuta, na inafaa uichore. Akifika ukurasa wa 24 akabaki ameushika bila kuufunga, usiuguse tena.

Unapoagiza uchapaji, agiza pia nakala za ziada za toleo la kwanza. Tangazo la kwamba mfululizo umekamilika huwaleta wazazi ambao hawakutaka kumnunulia mtoto hadithi isiyojulikana itaishia wapi, nao huulizia toleo la kwanza kabla ya kuulizia la mwisho.